Kabla hujapuliza dawa ya madirisha kwenye TV, soma hapa (hasa sisi wa Mombasa)

fundi_kisauni

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote.

Jana alasiri mama mmoja mtu mzima kaniletea TV ya inchi 43. Katoka nayo Mwembe Tayari kwa tuktuk, kaifunika leso (khanga) mbili, moja mbele moja nyuma, kaikumbatia njia nzima kama mtoto mchanga. Nilipoifunua mezani, hata kabla sijaichomeka, nikaona chini kushoto mchirizi mkavu mweupe ulioshuka ukapotelea ndani ya fremu. Nikamuuliza, "Mama, hapa palipuliziwa nini?" Akasema ni ile dawa ya buluu ya kufutia madirisha. Wiki tatu nyuma alikuwa akitayarisha sebule, mjukuu wake anaolewa, akataka kila kitu king'ae. Mstari wa kwanza ulitokea siku ya nne. Jana nilipoiwasha nilihesabu tisa, ya wima, myembamba kama uzi wa cherehani.

Kufungua fremu nikakuta nilichokiogopa. Ukingoni mwa chini pana tepe laini za plastiki zenye nyaya za shaba ndogo kuliko unywele. Hizo ndizo zinazopeleka picha kwenye kioo. Tepe mbili zilikuwa zimeota ukungu wa kijani, ile kutu ya shaba. Hapo hakuna cha kuchomelea. Dawa yake ni kubadilisha paneli nzima, yaani skrini yenyewe, na bei ya paneli hukaribia bei ya TV mpya. Nilipomwambia, mama hakusema neno. Alizikunja leso zake moja moja, akaketi kidogo, kisha akauliza kama nina kijana wa kumsaidia kuirudisha nyumbani.

Sikulala vizuri. TV ya namna hii sikosi kuipokea, na Idi ikikaribia huja nyingi zaidi, kwa sababu ndipo tunapotoa mapazia, tunapaka rangi na kufuta kila kitu. Ninawaandikia ili asipate mwengine hasara hii.

Kwanza tujue tunachokifuta. Tunasema "kioo cha TV", lakini pale kidole chako kinapogusa hapana kioo. Vioo viko ndani, vipande viwili vyembamba sana, na katikati yao mna ule ute unaofanya picha. Juu yake imebandikwa ngozi ya plastiki, na juu ya ngozi hiyo limepakwa tabaka jembamba la kuzuia mng'ao wa taa na dirisha. Tabaka hilo ndilo linaloharibiwa na amonia iliyomo katika dawa nyingi za madirisha. Spiriti nayo, thina, petroli, mafuta ya taa, dawa ya kutolea rangi ya kucha, bliichi, zote ni adui wa tabaka hilo. Likishatoka, utaona baka lisilo na mng'ao sawa na pengine, au ukungu mweupe, na baka hilo halirudi. Ukizidi kulisugua ukidhani ni uchafu, linapanuka.

Pili ni kule kupuliza. Hata ingekuwa ni maji matupu, ukipuliza juu ya skrini yatateremka, na yakiteremka yatafika kwenye zile tepe. Kwa hiyo kama utasahau yote niliyoandika, shika hili: maji huwekwa kwenye kitambaa, kamwe si kwenye TV.

Namna ninavyofanya mimi ni hivi. Nazima TV, nachomoa waya ukutani, nasubiri dakika kumi na tano au ishirini ipoe. Kuzima kwa rimoti peke yake hakutoshi, na msitegemee stima kukatika, maana itarudi mkono wako ukiwa na maji. Skrini yenye joto hukausha maji kabla hujayafuta na kuacha mawimbi. Tena ikiwa imezimwa, ile rangi nyeusi inakuonyesha kila alama ya kidole. Fungua dirisha, simama kwa upande, angalia mwangaza unavyoteleza juu yake, utaona kila kitu.

Halafu kitambaa kikavu cha maikrofaiba, kile kinachofanana na cha kufutia miwani ila kikubwa. Nyuzi zake ni nyembamba kuliko unywele, zinanasa vumbi badala ya kulisukuma. Napitisha kutoka juu kwenda chini kwa mkono mwepesi, uzito wa kitambaa tu. Vumbi letu lina mchanga ndani yake, na mchanga ukiukandamiza ni kama msasa. Ndiyo maana kikavu hutangulia. Ukianza na maji umetengeneza tope. Mara nyingi kazi huishia hapo.

Pakibaki alama za vidole au mafuta, nalowesha pembe moja ya kitambaa cha pili, nakikamua mpaka hakitoi hata tone, nafuta pale penye alama, kisha nafuatisha kikavu papo hapo. Ukikandamiza ukaona skrini inabonyea, umezidisha nguvu.

Na tafadhali, leso muiweke kando. Najua ipo karibu kila wakati, nami nyumbani naiona. Lakini leso mpya ina wanga na haishiki vumbi, ya zamani inaacha nyuzi, na pindo lake ni gumu. Tishu na karatasi za jikoni pia zimetokana na mti, zinakwaruza. Fulana kuukuu isiyo na chapa ina nafuu, ikiwa hakuna kingine.

Maswali karibuni, nitajibu nikifunga duka.

bintikibokoni

Waaleikum salaam kaka fundi, shukran sana. Huyo mama ameniumiza roho.

Mimi swali langu ni la udi. Kwetu hatukosi kufukiza, Alhamisi jioni na Ijumaa, na wageni wakija. Chetezo kinapitishwa sebule nzima. TV yetu ina miaka mitatu na sasa ina utando wa manjano, unanata. Nikifuta kwa kitambaa kikavu kama ulivyosema, unasogea tu, unafanya mawingu. Maji matupu nayo hayautoi. Mamangu anasema tutie spiriti kidogo kwenye pamba. Nimemzuia kwa leo tu, kesho sijui.

fundi_kisauni

Endelea kumzuia, dada. Ni swali zuri ambalo wauzaji hawalielezi, kwa sababu vitabu vya TV haviandikwi na watu wanaofukiza udi.

Moshi wa udi na ubani una mafuta ndani yake. Unapopoa unatua juu ya kila kitu, na TV ikiwa na joto kidogo hewa huzunguka mbele yake ikileta moshi zaidi. Ongeza mvuke wa jikoni: nyumba nyingi za Mji wa Kale jikoni na sebule zinapakana, mkikaanga mahamri mafuta yanasafiri. Ongeza unyevu wa bahari. Ndiyo huo utando.

Mafuta hayatoki kwa maji. Yatatoka kwa sabuni, lakini kidogo sana. Chukua nusu lita ya maji safi, tia matone mawili ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Mawili, sio kubonyeza chupa. Lowesha kitambaa humo, kamua kwa nguvu. Futa sehemu ndogo, kama ukubwa wa sahani, halafu kabla haijakauka pitisha kitambaa cha pili kilicholoweshwa maji matupu na kukamuliwa, ili sabuni itoke. Kisha kikavu. Ndipo uhamie sahani nyingine. Ukifuta skrini yote kwa sabuni kwanza, upande wa kwanza utakuwa umekauka na sabuni juu yake, na hayo mawingu yatakuwa mabaya kuliko mwanzo.

Utando wa miaka mitatu hautoki kwa mara moja. Fanya leo, acha, urudie kesho. Utaona kitambaa kinageuka rangi ya chai. Na baadaye chetezo kikipita sebuleni, funikeni TV ikiwa imezimwa. Vile vitambaa vya kufuma walivyokuwa wakitandika bibi zetu juu ya TV vilikuwa na maana. Ila kitolewe kabla ya kuwasha, kisizibe matundu ya nyuma.

mzee_wa_tudor

Vijana, masalkheri. Mimi nimefuta TV kwa siki na gazeti tangu mwaka 1986 na haijawahi kuharibika. Siki ni kitu cha asili, haina sumu. Gazeti linang'arisha kuliko kitambaa chochote. Mbona sisi hayo maikrofaiba hatukuyajua, na TV zetu zilikaa miaka ishirini?

fundi_kisauni

Shikamoo mzee wangu. Uliyoyafanya yalikuwa sawa kabisa, kwa TV uliyokuwa nayo. Zile zenye mgongo mkubwa, uso wake ulikuwa glasi ya kweli, nene, inayofanana na ya dirisha. Siki na gazeti kwenye glasi ni kazi safi na madirishani hata leo ningekushauri hivyo hivyo.

Lakini tangu tuhamie matangazo ya dijitali mwaka 2015, nyumba nyingi zilitupa zile za mgongo zikachukua bapa, na tabia ya kufuta ikabaki ile ile. Hapo ndipo tunapoumia. Siki ni asidi, japo hafifu, na kwenye lile tabaka la juu hatujui kila mtengenezaji amepaka nini. Gazeti kwenye plastiki linachora mikwaruzo midogo ambayo huioni mchana, unaiona usiku taa ikiwaka. Mzee, kama ile ya mgongo bado unayo, endelea nayo vivyo hivyo, ila tu usiifungue nyuma hata ikiwa imechomolewa, kwani umeme mkali hubaki ndani yake. Lakini ya bapa usiiguse kwa siki.

mzee_wa_tudor

Marahaba. Ninayo sasa ni bapa, mwanangu alinitumia. Nimekwenda kuitazama kwa tochi baada ya kusoma hapa. Ipo mikwaruzo, ya mviringo, pale pale ninapofuta. Nilidhani ni macho yangu.

mhudumu_vyumba

Niongeze kidogo kwa sababu hii ni kazi yangu. Niko hoteli ya ufukweni kaskazini, mwaka wa tisa sasa, na kwa siku nafuta TV kumi na nne au zaidi.

Vyumba vinavyotazama bahari vina tatizo lake. Wageni wanaacha mlango wa roshani wazi, na wakati wa kusi upepo unatoka baharini moja kwa moja. Ukipitisha kidole kwenye skrini asubuhi unahisi kama kuna unga, ukionja ni chumvi. Chumvi ni punje, nazo zinakwaruza. Kwa hiyo mimi vyumba hivyo siweki kitambaa kikavu nikasugua. Nakipitisha kama unyoya, halafu chenye unyevu kinayeyusha chumvi, halafu kikavu.

La pili ni vitambaa vyenyewe. Nimeona watu wananunua maikrofaiba nzuri halafu wanaiharibu kwa kuifua. Usiifue pamoja na taulo, itabeba nyuzi za taulo zote. Usitie ile dawa ya kulainisha nguo yenye harufu nzuri, inaziba nyuzi na kuacha mafuta, na mafuta hayo utayapaka kwenye TV. Usitie bliichi. Sabuni kidogo, maji mengi, anika kivulini. Na kilichofuta meza kisifute TV. Sisi tunatenganisha kwa rangi: cha TV na vioo ni buluu, hakigusi kitu kingine. Nyumbani kwangu nimeshona uzi mwekundu pembeni, watoto wanajua hicho hakiguswi.

Kitambaa kikianguka chini, hata mara moja, nachukua kingine. Kokoto moja ya sakafuni inatosha.

fundi_kisauni

Hapo kwenye kuangusha umesema kitu ambacho mimi nilisahau. Asante sana dada.

mama_wa_likoni

Fundi mimi shida yangu ni maji. Huku kwetu tunatumia ya kisima, yana chumvi. Nimefuta TV kwa kitambaa cha maji nikakikamua vizuri kabisa, ilipokauka ikabaki madoa meupe madogo madogo, imejaa kama vipele. Nikayachemsha maji nikidhani chumvi itatoka, ikawa vile vile. Sasa nifanyeje, na yale madoa yatatoka?

fundi_kisauni

Pole mama. Yatatoka, usiwe na wasiwasi.

Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini chumvi haiendi popote. Maji yanapungua kwa mvuke, chumvi inabaki, kwa hiyo yaliyochemka sana yana chumvi kali kuliko ya mwanzo. Itazame sufuria ya chai, ule ukoko mweupe unaoganda chini ni wa namna hiyo hiyo ya madoa yanayobaki kwenye TV. Maji ya visima vyetu yana chumvi ya bahari, na mengine yana chokaa ya mawe ya matumbawe tuliyoyajengea juu yake.

Tumia maji ya kuchujwa, yale yanayouzwa kwa mitungi ya lita 20. Kwa TV unahitaji kikombe kimoja tu. Mashine zile za kuchuja zinapitisha maji kwenye utando unaozuia sehemu kubwa ya chumvi. Kwa madoa uliyonayo, lowesha kitambaa maji hayo, kamua, kiweke juu ya doa bila kusugua kwa nusu dakika ili chumvi iyeyuke, kisha futa na ukaushe. Usikwangue kwa ukucha.

dereva_changamwe

Mama asihangaike. Aende kituo cha petroli anunue maji ya betri, yale hayana chumvi kabisa. Mimi natumia kufutia kioo cha gari.

fundi_kisauni

Kaka, ni kweli na ni hatari kwa wakati mmoja, nisikilizeni vizuri hapa.

Maji ya kuongezea betri ni maji yaliyotolewa madini, hayaachi doa lolote, na ni mazuri kwa skrini. Lakini watu wengi wanaita "maji ya betri" vitu viwili. Kingine ni asidi ya betri, ile ya kujazia betri mpya, na chupa zinaweza kufanana, zote hazina rangi. Asidi ile inakula kitambaa, inaunguza ngozi, na ikiingia jichoni ni msiba. Soma maandishi kwenye chupa. Kama lebo imetoka, au imehamishiwa kwenye chupa ya soda, usiiguse kabisa. Na usiyaweke mahali mtoto atakapoyafikia akadhani ni ya kunywa.

Mama wa Likoni, wewe tumia ya kuchujwa. Yanatosha.

dereva_changamwe

Nimeelewa. Kweli chupa yangu niliihamishia mwenyewe, na yangu ni maji kwa sababu nayajua, lakini mke wangu angejuaje? Nimeiandika sasa hivi.

mwalimu_bamburi

Ndugu zangu nina dharura. Ninasoma uzi huu na kijana wangu wa miaka minne amemwagia TV glasi ya sharubati. Imepiga katikati, imeshuka chini. Bado inaonyesha picha. Nifanye nini sasa hivi?

fundi_kisauni

Chomoa ukutani SASA. Usibonyeze rimoti, chomoa, na mkono wako uwe mkavu. Kisha niandikie.

mwalimu_bamburi

Nimechomoa.

fundi_kisauni

Vizuri. Iache imesimama, usiilaze, ukiilaza maji yatasambaa kwenye paneli nzima. Bandika kitambaa kikavu kwenye ukingo wa chini kinyonye, usisugue. Sharubati iliyoko juu ya skrini ifute baadaye kwa kitambaa chenye unyevu. Washa feni iwe mbali kidogo, ipulize kutoka pembeni. Usitumie mashine ya kukaushia nywele, joto lake linakunja ile ngozi ya plastiki. Usiitoe juani. Usiichomeke leo wala kesho, hata ukiona imekauka, maana hewa yetu ni nzito na ndani kunakauka polepole. Sharubati ina sukari, inabaki ikinata na kunywa unyevu, kwa hiyo kabla ya kuiwasha ingefaa fundi aliye karibu nawe aifungue ukingo tu, aisafishe. Hiyo ni kazi ya nusu saa na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na paneli.

Na mtoto salama?

mwalimu_bamburi

Mtoto salama, analia kwa sababu mimi nilipiga kelele. Nimemshika. Asante, asante sana.

bintikibokoni

Mwalimu pole. Na hilo limenikumbusha, watoto wa dada yangu wanaisukuma TV wakifuata katuni. Wakati wa kufuta pia, mimi ninaishika wapi? Yetu iko juu ya kabati kwa miguu miwili.

fundi_kisauni

Shika fremu ya juu kwa nyuma, kwa mkono usiofuta, usiweke kiganja juu ya skrini. Ile miguu miwili ya pembeni haipendi kusukumwa. TV nyingi zina matundu ya skrubu nyuma, funga kamba imara kutoka hapo hadi ukutani. Kwa nyumba yenye watoto naona hilo ni muhimu kuliko usafi wote tunaouzungumza, kwa sababu TV ikimwangukia mtoto inaumiza vibaya.

Nyuma nako kuna kazi, ila fupi. Brashi laini kavu ya rangi, isiyotumika, ipitishe kwenye matundu ya hewa. Maji yasifike huko kabisa. Mkiona kinyesi cha mjusi au mayai yake, ujue kuna joto linamvuta, na mjusi akiingia akagusa nyaya anaungua yeye na anaunguza TV. Msizibe matundu kwa wavu, TV itashindwa kupumua. Isogezeni tu mbali na ukuta kiasi cha kiganja, mjusi asipate pa kujificha. Kinyesi kikiangukia skrini, kilowesheni kwa kitambaa chenye unyevu kwa dakika moja, kitalainika kitoke chenyewe.

Rimoti ndiyo chafu kuliko vyote na hakuna anayeikumbuka. Toa betri, futa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Hiyo spiriti ya mama yako, hapo ndipo mahali pake.

mama_wa_likoni

Fundi nimerudi. Nimetumia maji ya mtungi, nimefanya kama ulivyosema, kitambaa juu ya doa, nahesabu mpaka thelathini. Yametoka yote isipokuwa mahali pamoja, chini kulia, pana kama kivuli cheupe ukubwa wa sarafu. Nikiwasha hakionekani.

fundi_kisauni

Hapo uliwahi kusugua kwa nguvu, au kitu kikali kiliwahi kupita?

mama_wa_likoni

Kijana wangu aliwahi kubandua stika ya dukani kwa mafuta ya taa.

fundi_kisauni

Basi hiyo si doa, mama, ni tabaka limetoka. Usiiguse tena hapo. Ikiwa TV ikiwaka haionekani, iache ilivyo, haitaenea yenyewe. Geuza TV kidogo isitazamane na dirisha, hata hicho kivuli hutakiona.

Na stika, kwa wengine wote: kwenye fremu ibandueni polepole kwa kidole, gundi inayobaki itolewe kwa maji ya sabuni vuguvugu kwenye kitambaa. Ikiwa imebandikwa upande wa skrini, mara nyingi iko juu ya ile karatasi ya plastiki ya kulinda TV mpya, nayo inatoka pamoja na karatasi hiyo.

mkaazi_mikindani

Sina swali. Nimesoma kutoka juu na mawazo yangu yamebaki kwa yule mama wa Mwembe Tayari. Harusi ni lini? Nina inchi 32 imekaa chumbani mwaka mzima, nzima kabisa, tulinunua kubwa zaidi. Haina mstari hata mmoja. Kama hatajali kuwa ni ndogo, ichukueni.

fundi_kisauni

Allah akulipe kheri. Harusi ni Jumamosi hii. Nimempigia sasa hivi, kanijibu kwa dua tu, sauti ilimpotea. Nitapita Mikindani Jumanne baada ya alasiri, nikague kidogo halafu niipeleke mwenyewe. Usiifute, niachie mimi. Vitambaa ninavyo viwili, kimoja nitamwachia mama.